Gumboro inafungua mlango, Newcastle inaingia: kwa nini kuku waliochanjwa wanaweza kufa



Msimu uliopita tuliitwa haraka na koperative moja ya wafugaji katika bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini. Tulipofika tulikuta wamemba wamekaa chini ya mwembe, na katikati yao kijana mmoja ameinamisha kichwa. Kijana huyo ndiye mchanjaji wa kijiji.

"Tulilipa franga zetu, akachanja mara mbili, na kuku karibu yote imekufa," mama mmoja akatuambia. "Ile dawa ilikuwa maji tu."

Koperative ilikuwa imenunua vifaranga 150 wa kutaga. Walichanjwa Newcastle siku ya 7, wakachanjwa tena siku ya 21. Katika wiki ya 8 ugonjwa ukaingia: kuku wanahema kwa shida, wanahara kijani, wengine shingo imepinda, wengine miguu imelegea. Kwa siku sita walibaki 19. Yule mama alikuwa amekopa kwenye AVEC ili aweke sehemu yake, na alitegemea mayai ya kwanza yalipe minervali ya watoto. Wamemba walitaka kijana arudishe pesa, na wengine walisema hawatachanja tena hata siku moja.

Tunaandika habari hii kwa sababu si koperative moja tu iliyopatwa na jambo hili. Katika mafunzo yetu swali linarudi kila mara: "Kama chanjo ni nzuri, kwa nini kuku waliochanjwa wanakufa?" Majibu ni mengi, lakini kuna moja ambalo wafugaji wengi hawajalisikia. Kuna ugonjwa mmoja wa virusi unaoharibu kinga ya kifaranga angali mdogo, na baadaye ugonjwa mwingine wa virusi unamkuta hana askari. Wa kwanza ni Gumboro, wa pili ni Newcastle.

Tuwajue hawa wawili

Newcastle munaifahamu vizuri. Wengine wanaiita mdondo, wengine pesti ya kuku, na walio karibu na mpaka wa Rwanda wanasikia majirani wakiiita muraramo. Ilipata jina kutoka mji wa Newcastle huko Uingereza, ambako ilionekana mwaka 1926. Mwaka ule ule ilionekana pia kwenye kisiwa cha Java, Asia. Inashika kuku wa kila umri. Ikiingia kwenye kuku wasio na kinga inaweza kuwamaliza wote kijijini. Haina dawa ya kuponya, iko na chanjo tu.

Gumboro wengi hawaijui kwa jina, hata kama imeshapita kwao. Jina linatoka sehemu inayoitwa Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani, ambako ilionekana katika mashamba ya kuku mwaka 1957. Mwaka 1962 mwanasayansi Cosgrove akaandika maelezo yake ya kwanza. Inashika kuku wadogo. Kuku wa wiki 3 mpaka 6 ndio wanaougua waziwazi: manyoya yanasimama, wanatetemeka, wanalala chini, mavi yanakuwa maji meupe, na wengine wanajidonoa sehemu ya nyuma. Vifo vinapanda siku ya tatu na ya nne, halafu vinashuka, na kwa wiki moja hivi vimekwisha.

Hapo ndipo mfugaji anadanganyika. Anaona vifo vimesimama, anasema "ugonjwa umepita, asante Mungu." Mara nyingi alikuwa ameweka unga wa antibiotiki kwenye maji, kwa hiyo anafikiri dawa imeponya. Lakini antibiotiki haiui virusi. Vifo vilisimama kwa sababu ugonjwa huo uko na tabia hiyo. Na ndani ya wale waliobaki hai, kuna kitu kimeharibika ambacho jicho halikioni.

Tena kuna Gumboro ya kimya. Virusi vikimshika kifaranga kabla hajatimiza wiki 3, mara nyingi haugui waziwazi. Anapooza kidogo, anachelewa kukua, wawili watatu wanakufa, mfugaji anasema ni baridi. Kumbe hii ya kimya ndiyo inayoharibu kinga kuliko ile inayoua.

Shule ya askari ndani ya kuku

Ili tuelewe, lazima tuingie ndani ya mwili wa kifaranga.

Juu kidogo ya tundu la kutolea mavi kuna mfuko mdogo wa mviringo. Unaitwa bursa ya Fabricius, kwa jina la mwalimu wa uganga wa Padova, Italia, aliyeueleza. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1621, yeye akiwa ameshakufa. Kwa miaka zaidi ya 300 hakuna aliyejua kazi yake.

Kazi yake ilijulikana karibu kwa bahati. Huko Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Ohio State, mwanafunzi Bruce Glick alitoa mfuko huu kwa kuku wadogo ili aone nini kitaharibika. Hakuona kitu, kuku walikua kama kawaida. Baadaye mwenzake Timothy Chang alihitaji kuku wa kuonyesha wanafunzi namna mwili unavyotengeneza kinga, akachukua baadhi ya wale wa Glick. Akawadunga vijidudu vya salmonela vya kufundishia, akangoja kinga itokee kwenye damu. Baadhi ya kuku hawakuwa nayo. Walipoangalia namba, wakakuta ni wale waliotolewa mfuko. Mwaka 1956 waliandika matokeo yao katika gazeti la kisayansi la mambo ya kuku. Tangu hapo tunajua kwamba bursa ni shule ambamo askari wa mwili wanafundishwa. Hata leo waganga wa watu wanaziita chembe hizo za damu kwa herufi B, kutoka neno bursa.

Kifaranga anapozaliwa, shule imefunguka lakini askari hawajakomaa. Katika wiki za kwanza wanafundishwa kwa wingi, halafu wanatoka na kusambaa mwilini. Kuku akikomaa kabisa, bursa inanywea, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Askari wameshatoka.

Sasa, Gumboro inapenda kushambulia mahali gani? Ni hapo hapo. Virusi vya Gumboro vinaua wale askari wadogo ndani ya bursa. Kwanza mfuko unavimba, halafu katika siku chache unanywea unakuwa mdogo kabisa. Ni kama mtu aliyechoma shule ya kijeshi pamoja na wanafunzi wake, kabla hata mmoja hajapewa silaha.

Kwa nini chanjo inashindwa

Wengi wetu tunafikiri chanjo ni dawa, kwamba ukimtilia kuku tone moja kwenye jicho, lile tone ndilo litapigana na Newcastle. Siyo hivyo. Chanjo haipigani. Chanjo inaonyesha mwili sura ya adui, halafu mwili wenyewe unatengeneza askari wanaomjua adui huyo. Ndiyo sababu kinga haiji siku ile ile, inangoja wiki moja, mbili.

Basi fikiria kifaranga ambaye Gumboro ilimharibia bursa katika wiki ya kwanza. Siku ya 7 unamtilia tone la Newcastle. Chanjo ni nzima, ilikaa kwenye baridi, tone limeingia vizuri. Chanjo inaita askari waje kuona sura ya adui, lakini waliobaki ni wachache mno. Kinga inatoka dhaifu, ama haitoki kabisa. Mfugaji anaandika kwenye kaye yake "wamechanjwa", lakini ndani ya mwili ni kama hawakuchanjwa. Miezi miwili baadaye Newcastle inapita kijijini, inawakuta mikono mitupu.

Wanasayansi wa Uingereza walilionyesha jambo hili wazi mwaka 1972 na mwaka 1974. Waliwaambukiza vifaranga Gumboro katika umri tofauti, halafu wakawachanja Newcastle na kupima kinga kwenye damu. Kifaranga aliyeambukizwa akiwa na siku 1, kinga yake ya Newcastle ilishuka sana. Aliyeambukizwa akiwa na siku 7, ilishuka kwa kiasi. Aliyeambukizwa akiwa na siku 14 ama 21, upungufu ulikuwa mdogo sana hata usihesabike.

Ndugu, tushike hesabu hii vizuri, kwa sababu ndiyo kiini cha habari yetu. Kila siku unayomlinda kifaranga na Gumboro, askari wengi zaidi wanatoka shuleni wakiwa wazima. Ukimlinda wiki mbili mpaka tatu za kwanza, umeilinda pia chanjo yako ya Newcastle.

Na si Newcastle tu. Kifaranga aliyeharibika bursa anashikwa upesi na magonjwa mengine: homa za mapafu, kuhara kwa vijidudu, kuhara damu. Mfugaji anabadilisha dawa kila wiki na pesa zinaisha famasi, wakati mzizi ni ule ule mmoja.

Turudi chini ya mwembe

Tulimwomba kijana alete kaye yake, na tuliomba kila mmoja asikilize kwanza. Kaye ilikuwa safi: tarehe, namba ya kichupa, saa aliyotoka na termosi ya barafu, saa aliyofungua dawa, saa aliyomaliza. Halafu tukaona mstari mmoja uliotusaidia. Siku ile ya 21, kichupa kilikuwa cha matone 200. Alipomaliza vifaranga wa koperative, matone yaliyobaki aliwachanja kuku wa kienyeji wa nyumba tatu za jirani, saa ile ile.

Tukawauliza wenye zile nyumba: "Kuku wenu wako wapi?" Wakasema: "Wako hapa, wanatembea." Newcastle ilipita kijijini kote, lakini kuku wao wakubwa, waliochanjwa kutoka kichupa kile kile, walibaki.

Basi dawa haikuwa maji. Tukauliza kuhusu nyumba ya kuku. Vifaranga wa awamu ya kabla walikaa mule, na walipofika wiki 4 walianza kuhara meupe na kufa kwa siku nne, halafu ikasimama. Waliwapa unga wa kuhara damu. Baada ya kuuza waliobaki, waligeuza maranda ya zamani, wakatandaza mapya juu, na wiki 3 baadaye wakaingiza hawa 150. Na hawa wapya, katika wiki ya pili, walipooza kidogo, wakafa 5. "Tulifikiri makala ilizimika usiku," wakasema.

Veterineri wa eneo aliyekuja nasi alipasua kuku wawili waliokufa asubuhi ile. Aliwaonyesha wamemba damu ya vitone kwenye tumbo la juu la kuku, alama inayoonekana mara nyingi katika Newcastle. Halafu akawaonyesha bursa na wengu pamoja. Kwa kuku mzima wa umri huo, bursa haitakiwi kuwa ndogo hivyo: katika wiki zile 6 ama 7 za kwanza kwa kawaida inaupita wengu kwa ukubwa. Kwa wale wawili bursa ilikuwa imenywea, ndogo kuliko wengu, kama punje ya maharagwe. Veterineri akasema wazi kwamba bila laboratwari hawezi kuapa, lakini historia ya nyumba, umri na bursa, vyote vinaonyesha upande mmoja. Gumboro ilikaa kwenye maranda ikiwangoja.

Na inaweza kungoja sana. Virusi vya Gumboro ni vigumu kuliko virusi vingi tunavyovijua. Watafiti waliona kwamba nyumba ambayo kuku wagonjwa walitolewa, iliweza kuambukiza kuku wapya hata baada ya siku 122. Hiyo ni miezi 4. Kwenye maji, chakula na mavi ya nyumba zilizoambukizwa, vilikaa siku 52. Kwa hiyo kupumzisha nyumba wiki 2 ama 3 ni vizuri, lakini peke yake hakutoshi kabisa.

Tufanye nini?

Kabla vifaranga hawajafika

Toa maranda yote ya zamani, mpaka chini kabisa. Yapeleke mbali na nyumba ya kuku, kwenye shimo la mbolea lililofunikwa. Kugeuza na kutandaza mapya juu ni kuficha ugonjwa chini ya godoro.

Kwaruza mavi yaliyokauka kwenye ukuta na sakafu, osha kwa maji na sabuni, acha ikauke. Baada ya hapo ndipo unapulizia dawa ya kuua virusi. Javel inafaa, lakini juu ya mavi haifanyi kazi, uchafu unaimaliza nguvu. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Osha hivyo hivyo vyombo vya chakula na vya maji. Dawa nyingine za kunukia vizuri zinaua vijidudu vingine lakini Gumboro inazicheka, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Kama awamu iliyopita iliugua kama tulivyoeleza juu, acha nyumba ipumzike muda mrefu iwezekanavyo. Ukiweza kulelea vifaranga wapya mahali pengine kabisa kwa wiki 3 za kwanza, fanya hivyo. Hata chumba kidogo kilichosafishwa, chenye mbabula na maranda mapya ya seremala, kinatosha kwa vifaranga 100 katika siku zao za kwanza. Muangalie tu moshi usiwazidi.

Wakati wa kununua

Muulize muuzaji swali moja: "Mama zao walichanjwa Gumboro?" Kuku jike aliyechanjwa anaweka askari wake ndani ya kiini cha yai, na kifaranga anazaliwa nao. Hao askari wa mama ndio ulinzi wake wa siku za mwanzo, wakati wake mwenyewe wangali shuleni. Wanapungua pole pole, karibu nusu kila siku 3 mpaka 5, na kufikia wiki ya pili ama ya tatu wamebaki wachache. Kifaranga ambaye mama yake hana kinga anaweza kushikwa tangu siku ya kwanza, na tumeona kwamba huyo ndiye anayepoteza zaidi. Koperative ikinunua kwa pamoja iko na nguvu ya kudai karatasi ya chanjo. Mtu mmoja akinunua vifaranga 20 sokoni hawezi.

Wiki 3 za kwanza

Mtu mmoja, ama wawili, ndio wanaingia kwa vifaranga. Wageni waangalie kwa dirishani, hata sisi wa shirika tukija. Weka viatu ama kandambili za ndani tu, na beseni ya maji ya sabuni ya kunawia mikono mlangoni. Wanunuzi wa kuku wanatembea nyumba kwa nyumba na vikapu vyao, wasiingie. Usiazime vyombo vya jirani. Usichanganye umri: vifaranga wapya wasikae na wakubwa, na kuku wa kienyeji wasiingie kula mabaki. Siku za kazi, anza kwa wadogo, malizia kwa wakubwa, usirudi tena kwa wadogo.

Chanjo zote mbili, kwa mpangilio

Chanjo ya Gumboro ipo. Mpangilio unaotumika sana katika nchi zetu ni huu:

Siku ya 7: Newcastle ya kwanza, tone la jicho.
Siku ya 14: Gumboro ya kwanza, kwenye maji ya kunywa.
Siku ya 21: Newcastle ya pili.
Siku ya 28: Gumboro ya pili.
Baadaye: Newcastle inarudiwa kila miezi 3 hivi, kadiri ya chanjo munayotumia.

Kwa nini Gumboro mara mbili? Kwa sababu ya wale askari wa mama. Ukichanja mapema mno, askari wa mama wanaiua chanjo kabla haijafundisha kitu. Ukichelewa, virusi vya maranda vinafika kwanza. Na vifaranga hawalingani: mmoja askari wa mama wameisha siku ya 14, mwingine bado. Mara mbili inawafikia wengi. Veterineri anaweza kubadilisha siku hizi kufuatana na mahali vifaranga walipotoka, musibadilishe wenyewe.

Tahadhari moja: chanjo za Gumboro hazina nguvu sawa. Kuna za nguvu ndogo, za wastani, na kali. Ile kali ukiwapa vifaranga wadogo wasio na askari wa mama, inaweza yenyewe kuumiza bursa, na mutakuwa mumejiletea shida ile ile muliyoikimbia. Musinunue kichupa kwa bei tu. Onyesheni veterineri jina lililoandikwa kabla ya kulipa.

Namna ya kutoa chanjo ya maji: waondolee vifaranga maji kwa saa 1 mpaka 2 ili wawe na kiu. Tumia maji safi ya mvua ama ya kisima, siyo ya bomba yaliyotiwa klorini. Siku hiyo vyombo visioshwe kwa sabuni wala javel, maji matupu yanatosha. Koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 na nusu kwa litre, ndipo utie chanjo. Vyombo viwe vingi ili wote wanywe pamoja, na maji yaishe kabla ya saa 2. Fanya asubuhi mapema, kivulini. Vifaranga wanaougua wasichanjwe, ngoja wapone.

Na ile chanjo ya Newcastle inayovumilia joto, iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na frigo? Ni nzuri sana kwa kuku wetu wa kienyeji, tunaendelea kuihimiza. Lakini muelewe: inavumilia joto la njia, haiwezi kumrudishia kifaranga bursa iliyoharibika. Hakuna chanjo inayoweza.

Kama Gumboro imeshaingia

Hakuna dawa ya kuponya. Wape joto, maji safi mengi na chakula kizuri, waondoe waliokufa mara moja na uwazike mbali ama uwachome. Usiwape antibiotiki bila ushauri, ni pesa inayomwagika. Mwite veterineri, na mumwambie kwamba hamuamini tena kinga ya Newcastle ya kundi hilo. Yeye ataamua kama muwachanje tena wakishapata nafuu. Kuku hao musiwachanganye na wa sokoni wala wa jirani. Kama ni kuku wa nyama, mara nyingi hesabu inasema muwauze mara wanapofika uzito, kuliko kungoja bei ipande wakati kinga yao ni dhaifu.

Si kila kushindwa ni Gumboro

Tusigeuze Gumboro kuwa mchawi mpya. Chanjo inaweza kushindwa kwa sababu nyingine: kichupa kilichoshinda juani kwenye pikipiki, dawa iliyopita tarehe, dawa iliyofunguliwa asubuhi ikatumika jioni, tone lililoanguka nje ya jicho, ama ugonjwa uliokuwa umeshaingia kabla ya siku ya kuchanja. Ndiyo maana kaye ni muhimu. Bila kaye, kila kifo kinamwangukia mchanjaji. Kwa kaye, munaweza kuuliza: walichanjwa wangapi, kichupa gani, kuku wengine wa kichupa hicho wako wapi, na katika wiki 3 za kwanza tuliona nini?

Kule Ruzizi, baada ya maelezo, prezida wa koperative alisimama akamwomba kijana msamaha mbele ya wote. Yule mama wa mkopo hakusema kitu kwanza, halafu akauliza: "Kumbe sisi wenyewe tuliwalaza vifaranga juu ya ugonjwa?" Tulimjibu ndiyo, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia. Deni lake liko pale pale, na AVEC ilikubali kumuongezea muda. Koperative imetoa maranda yote, imekwaruza nyumba, na imeamua kungoja miezi 4 kamili kabla ya kuingiza wengine. Katika muda huo wanachanja kuku wa kienyeji wa kijiji kizima. Mchanjaji ni kijana yule yule.

Ya kuzungumzia katika mkutano wenu

1. Awamu iliyopita, vifaranga wetu waliugua wakiwa na umri gani? Mavi yalikuwa na rangi gani, na vifo vilichukua siku ngapi?
2. Maranda ya zamani tuliyapeleka wapi?
3. Anayetuuzia vifaranga alituonyesha karatasi ya chanjo ya mama zao?
4. Nani anaingia kwa vifaranga katika wiki 3 za kwanza, na anavaa viatu gani?
5. Kaye ya chanjo iko kwa nani, na imeandikwa mpaka lini?

Muandike majibu yenu, mumpe mhamasishaji wetu akipita kwenu.